Tozo ya Kujitakia

Wako wasafiri wanaokesha na simu mkononi wakivizia nauli ishuke dola tano, na ikishuka hulipa mbiombio pamoja na dola 22 ambazo hakuna serikali iliyowatoza. Nazungumzia ada ya kukata tiketi mtandaoni ambayo imekuwa ikitozwa na mashirika ya ndege za bei nafuu ya Marekani, yaani Allegiant, Frontier na Spirit. Kila shirika limeipa jina lake, na majina yote ni marefu na makavu kama majina ya kodi. Allegiant huiita "Electronic Carrier Usage Charge", na katika miaka ya karibuni imekuwa ikitoza dola 22 kwa kila abiria, kila upande wa safari. Abiria huyohuyo akienda kwenye kaunta ya shirika hilo uwanjani, akanunua nafasi katika ndege ileile ya siku ileile, ada hiyo haimhusu. Nitakalolisema hapa ni moja: ada hii ipo kwa sababu inaepukika, na anayeweza kuiepuka kwa gharama ndogo kuliko ada yenyewe, kisha akailipa, amejitakia. Kwa mtu anayesafirisha mke au mume na watoto, kupiga hesabu kabla ya kubofya ni sehemu ya malezi ya nyumba.

Yafaa kwanza kujua kwa nini kampuni iache mlango wa kukwepa ada yake yenyewe, maana asiyejua sababu atadhani ni ukarimu. Serikali kuu ya Marekani hutoza kodi ya asilimia 7.5 juu ya nauli ya safari za ndani. Kodi hiyo huangukia fedha ambazo abiria hana budi kuzitoa ili asafirishwe. Yale anayoyalipia kwa hiari yake, kama vile begi au kiti cha kuchagua, hayaguswi. Sasa shirika likikata kipande cha nauli, likakiita ada ya kutumia mtandao, halafu likaweka mahali ambapo tiketi hununuliwa bila ada hiyo, linapata la kusema: huyu hakulazimishwa, angeweza kuja kaunta. Asilimia 7.5 ya dola 22 ni dola 1.65. Kwa abiria mmoja hiyo ni bei ya pipi. Zidisha kwa mamilioni ya abiria wa mwaka mzima na utaona kwa nini wakubwa wa kampuni wanaithamini kaunta ambayo haina foleni. Ikifungwa, dai la hiari nalo linakosa mguu wa kusimamia. Mlango huo umeachwa wazi kwa faida ya kampuni, ila sheria haikusema abiria asipite.

Wengi hawapiti kwa sababu hawajauona. Tazama mchanganuo wa bei wa tiketi ya namna hii, ule unaojitokeza ukibofya alama ndogo pembeni ya jumla. Utakuta nauli yenyewe. Chini yake kodi ya asilimia 7.5, kisha ada ya usalama iliyoanzishwa baada ya mashambulizi ya Septemba 11, ambayo ni dola 5.60 kwa safari ya upande mmoja. Kuna pia ada ya serikali ya kila mruko, ambayo mwaka 2025 ilikuwa dola 5.20, na ada ya kiwanja, isiyozidi dola 4.50. Hizo zote ni halali, hazikwepeki, na mwenye kaunta atakutoza vilevile. Katikati yao imekaa ile ya 22, imevaa sare yao, na ni kubwa kuliko zote nne zikijumlishwa kwenye tiketi ya nauli ya dola 40. Jicho la mtu aliyechoka hulipita fungu hilo zima kwa kuamini kwamba hayo ni mambo ya serikali, na serikali haibishiwi.

Hapa pana kitendawili kidogo cha sheria. Tangu Januari 26, 2012, Idara ya Uchukuzi ya Marekani huyataka mashirika yatangaze bei kamili, yenye kodi na ada zote za lazima, badala ya kumvuta mteja kwa nauli ya dola tisa ambayo mwisho wake ni sitini. Spirit, Allegiant na Southwest walikwenda mahakamani kuipinga amri hiyo. Julai 2012 Mahakama ya Rufaa ya Washington iliikataa hoja yao. Ulikuwa uamuzi mwema, nasi tunaokata tiketi tumenufaika nao. Lakini mtandaoni ada yetu haiwezi kukwepwa, kwa hiyo imo ndani ya jumla tangu mwanzo, na mnunuzi anayeangalia jumla pekee hana linalomstua. Bei ni ya kweli na bado haimwambii kwamba ingeweza kuwa nyingine. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la abiria ni ule mchanganuo ambao hatuufungui.

Atatokea wa kusema: kwenda uwanjani nako kuna gharama. Kuna mafuta, maegesho, na saa mbili za Jumamosi. Pingamizi hili ni zito kuliko yote, na halijibiwi kwa maneno matamu. Mtu mmoja anayekwenda upande mmoja, na uwanja uko mwendo wa saa nzima, alipe dola 22 zake mtandaoni akalale. Hata huyo mwenye kwenda na kurudi, akiwa peke yake, anaokoa dola 44, na mji ukiwa na foleni na maegesho ya bei mbaya faida yake ni ndogo mno. Hesabu hugeuka idadi ya vichwa inapoongezeka, maana safari ya kwenda kaunta ni moja ilhali ada hutozwa kwa kila kichwa na kila upande. Baba, mama na watoto watatu, kwenda na kurudi: mara tano, mara mbili, mara 22, ni dola 220. Kuna wiki ambazo fedha hiyo ndiyo chakula cha nyumba nzima. Tena Allegiant hupenda viwanja vidogo, kama Provo kule Utah au Punta Gorda kule Florida, ambako mtu huegesha na kufika kaunta kwa dakika chache. Na anayekwenda kumsindikiza mgeni au kumpokea shemeji yuko uwanjani tayari. Huyo amebakiwa na kazi ya kupanga foleni tu.

Uangalifu unahitajika katika jambo moja: kaunta hizi hazikai wazi kutwa. Katika viwanja vidogo hufunguliwa karibu na saa za ndege, na mauzo ya tiketi hupangiwa saa chache tu, pengine siku chache za wiki. Anayefunga safari bila kuangalia saa hizo atarudi na hasira, na hasira hiyo atawahubiria wenzake kwamba habari ya kaunta ni uongo.

Mwingine atasema kwamba nauli haingoji. Ukiiona leo, hadi ufike uwanjani kesho imepanda. Ni kweli, na hapa kanuni nyingine ya Marekani inamsaidia mnyonge. Tiketi iliyonunuliwa moja kwa moja kwa shirika, siku saba au zaidi kabla ya safari, shirika linatakiwa ama limshikie mteja bei kwa saa 24 bila malipo, ama limruhusu kuifuta ndani ya saa 24 arudishiwe fedha zote. Mwenye hofu ya bei kupanda na anunue mtandaoni usiku, asubuhi aende kaunta aulize. Bei ya kaunta ikiwa chini, anunue hapo kwanza, aishike risiti mpya mkononi, ndipo aifute ile ya usiku kabla saa 24 hazijatimia. Asifute kabla ya kununua, kwa kuwa nafasi iliyorudishwa si lazima irudi sokoni kwa bei ileile. Kwa wiki moja au mbili kadi yake itakuwa imebeba mzigo wa tiketi mbili, kwa hiyo asiye na nafasi kwenye kadi asijaribu mchezo huu.

Lipo pingamizi la tatu, na hili huja kwa sauti ya uadilifu: mashirika haya yanauza nauli ya chini kwa sababu ada zinayabeba, ukizikwepa ada unakula kwa jirani bila kuchangia. Wanaosema hivi huonyesha Spirit, ambayo iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Novemba 2024, ikaomba tena Agosti 2025. Nawajibu kwa kuwauliza kipi ni ghali zaidi kwa kampuni, kubofya kwa mteja au mfanyakazi aliyesimama kaunta kwa mshahara, nyuma ya meza ambayo nafasi yake inalipiwa kwa kiwanja. Kila mtu anajua. Laiti ada ingekuwa malipo ya gharama, wa kaunta ndiye angelipa na wa mtandaoni angesamehewa, kama wanavyofanya haohao kwa anayekata tiketi kwa simu, ambaye hutozwa zaidi. Basi ada hii haifidii huduma yoyote. Ni nauli iliyobadilishwa kabila, na shirika lenyewe limeandika katika orodha ya bei zake kwamba asiyetaka kuilipa aje uwanjani. Anayekuja hajamwibia mtu. Na kuhusu Spirit, ilikuwa na ada za kila aina na hazikuizuia kufika huko. Abiria hana deni la kuokoa hesabu za kampuni kwa kutokusoma risiti.

Ulaya nao walipita njia hii, na kilichowatoa ni kelele za wateja. Kwa miaka mingi Ryanair ilikuwa ikitoza ada ya malipo kwa kila abiria kila upande, isipokuwa kwa wachache waliokuwa na aina fulani ya kadi. Hadi mwisho wa 2009 ilikuwa Visa Electron. Watu walipoanza kuwa nazo wengi, msamaha ukahamishiwa kadi nyingine ambayo wengi hawakuwa nayo. Ujanja ni uleule wa kaunta: iwepo njia isiyo na ada ili iliyo na ada iitwe ya hiari. Machi 2011 shirika la kutetea walaji la Which? lilipeleka malalamiko rasmi kwa mamlaka ya biashara ya haki ya Uingereza, nayo ikakadiria kwamba ada za kadi katika usafiri wa ndege ziliwagharimu Waingereza pauni milioni 300 mwaka 2010. Mwaka 2012 mashirika kumi na mawili yakakubali kuziingiza ada za kadi za debiti katika bei ya kwanza, na tangu Januari 13, 2018, kumtoza mlaji zaidi kwa sababu ya kadi yake ni marufuku. Aprili 23, 2020, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua katika kesi ya Ryanair na mamlaka ya ushindani ya Italia kwamba ada inayowaangukia wote wasio na kadi iliyopendelewa na shirika haina uhiari wowote, lazima ionekane tangu bei ya kwanza. Nauli ikapanda kidogo kwenye kioo, na watu wakaacha kudanganywa.

Asichanganye mtu mabara haya mawili. Marekani kaunta inakupunguzia, Ulaya inakukamua. Abiria wa Ryanair aliyesahau kujisajili mtandaoni kabla ya kufika uwanjani ametozwa pauni au yuro 55, na mwenye kufuata ushauri wa makala hii kule London Stansted atajuta.

Hata Marekani kwenyewe, aliyeokoa kwa mkono mmoja asimwage kwa mwingine. Begi hulipiwa kwa nafuu mapema, na bei yake huchacha kadiri saa ya kuruka inavyokaribia. Lililofikishwa mlangoni mwa ndege bila kulipiwa huweza kumeza akiba yote ya kaunta. Kwa hiyo anayenunua kaunta amuulize mhudumu bei ya begi papo hapo, na ikiwa mtandaoni ni chini, airudie tiketi yake kwenye simu na kuliongeza huko. Kadi ya kupandia ndege aiweke kwenye simu yake, maana yapo mashirika yanayotoza kwa kuchapishiwa na mhudumu.

Neno langu la mwisho nawapelekea viongozi wa jumuiya zetu kule Marekani: Wakongo, Warundi, Wakenya na Watanzania wa Dallas, Houston, Columbus, Minneapolis na kwingineko. Nyinyi ndio mnaosafiri kwa makundi, leo harusi, kesho msiba, na kila mmoja hukata tiketi yake usiku wa manane peke yake kwa bei kamili. Mteueni mtu mmoja anayeishi karibu na uwanja. Mpeni majina kama yalivyo kwenye vitambulisho, tarehe za kuzaliwa na fedha mliyochanga, aende kaunta mara moja kwa niaba ya watu wanane. Kwa ada ya dola 22, kwenda na kurudi, atarudi na dola 352 ambazo zingeishia kwa kampuni, na mfiwa atazihitaji zaidi.