Gramafoni kuukuu zisiishie kwenye mizani ya vyuma

WAHENGA walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Wakazi wa Nakuru, Njoro, Molo na Kericho wanaijua vyema methali hiyo, lakini mkokoteni wa mnunuzi wa vyuma vikuukuu unapopita mtaani, wengi wetu huwa wepesi wa kuisahau.

Kando ya masufuria yaliyotoboka na mabati yenye kutu, mikokoteni hiyo hubeba pia gramafoni, redio za mbao, amplifaya na spika zilizokuwa fahari ya sebule katika miaka ya 1970. Vyombo hivyo hupimwa kwa kilo. Shaba na sumaku hung'olewa, na kinachobaki huishia jaani.

Maoni yetu ni kwamba biashara hii, ingawa ni halali na huwapa vijana riziki, inatutia hasara ambayo hatujaipigia hesabu. Tunapoteza funguo za muziki wetu, na papo hapo tunatupa vifaa vya kufundishia sayansi ambavyo shule zetu nyingi hulalamika kwamba hazina.

Tuanze na muziki. Katika miaka ya 1960 na 1970, duka na studio ya Chandarana mjini Kericho ilitoa santuri za wanamuziki wa Kikipsigis, wa Kiluo na wa jamii nyinginezo. Miongoni mwa waliovuma katika eneo hili ni Kipchamba arap Tapotuk na bendi yake ya Koilong'et. Nyingi za kazi za enzi hiyo zilitoka katika santuri ndogo za inchi 7, zinazozunguka mara 45 kwa dakika.

Wapo watakaouliza haja ya gramafoni ni ipi ilhali simu ya mkononi ina nyimbo zote. La, haina zote. Simu ina zile tu ambazo mtu fulani aliwahi kuzitoa kwenye santuri au kanda na kuzihamisha. Wimbo ambao nakala zake chache zimo katika sanduku chini ya kitanda huko Bomet au Subukia hautafika kwenye simu hadi apatikane mwenye sindano nzima na amplifaya inayofanya kazi.

Mfano upo hapa hapa petu. Mwaka 1950, mtafiti Hugh Tracey alifika Kapkatet akarekodi wasichana wa Kikipsigis wakiimba juu ya Chemirocha. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimesikika kwa gramafoni katika sehemu hizo. Wasichana hao walimgeuza mgeni huyo asiyeonekana kuwa kiumbe nusu mtu, nusu swala.

Sauti hizo zilihifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Kiafrika ambayo leo imo katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Zaidi ya miaka 60 baadaye, nakala zake zilirudishwa Kapkatet, na wenyeji wakasikia tena sauti za watu wao. Hilo liliwezekana kwa sababu kuna aliyehifadhi rekodi pamoja na mitambo ya kuzichezea. Je, ni lazima kila mara atunzaye awe mbali nasi?

Walimu wa muziki wanaohangaika kila mwaka kutafuta nyimbo za kiasili kwa ajili ya Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, wanaelewa uzito wa swali hili kuliko mtu mwingine yeyote.

Sasa tugeukie sayansi. Mwenye kukusanya vyombo hivi ni nadra apate seti kamili. Atapata gramafoni kutoka Ujerumani, amplifaya kutoka Japani, na spika zilizotengenezwa na fundi wa jua kali. Vyombo hivyo havikuumbwa kuishi pamoja, na kazi ya kuvipatanisha ni somo zima la fizikia.

Kwanza, kuna tatizo la nguvu ya sauti. Kichwa cha sindano cha aina ya sumaku hutoa takriban milivolti 5 tu, ilhali tundu la kawaida la amplifaya hutarajia mamia ya milivolti. Tena, santuri ilipochongwa, sauti nene zilipunguzwa na nyembamba zikaongezwa, kwa kanuni iliyokubaliwa Marekani mwaka 1954. Amplifaya isipokuwa na sehemu ya kurekebisha hayo, muziki hutoka mwembamba kama wa nzi aliyenaswa chupani. Wengi hudhani gramafoni imekufa, kumbe imechomekwa pasipofaa.

Pili, kuna ukinzani. Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba huwa omu 4; zikiunganishwa kwa mfululizo huwa omu 16. Amplifaya iliyoundwa isishuke chini ya omu 8, ikipewa omu 4, hutoa mkondo maradufu, hupata joto na huenda ikaungua. Mwanafunzi aliyekariri kanuni ya Ohm ili afaulu mtihani huisahau. Aliyenusa transista ikiungua haisahau kamwe.

Tatu, kuna umeme wenyewe. Gramafoni iliyotengenezewa Marekani huhitaji volti 120 zenye mapigo 60 kwa sekunde, ilhali umeme wa Kenya ni volti 240 zenye mapigo 50. Transfoma hupunguza volti, lakini haibadilishi mapigo. Ikiwa mota yake huenda kwa kufuata mapigo hayo, santuri inayopaswa kuzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika itazunguka chini ya mara 28. Sauti itashuka kwa nusu-toni 3, na soprano atasikika kama amepatwa na mafua. Hapo mwalimu wa fizikia na mwalimu wa muziki hulazimika kuketi meza moja.

Hatusemi kwamba kazi hii haina hatari. Ndani ya amplifaya kuukuu mna kapasita zinazoweza kushika umeme hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Kwa hivyo mwanafunzi asifungue chombo chochote bila mwalimu au fundi mwenye ujuzi kuwapo. Wala hatusemi kila redio mbovu itunzwe, kwani ghala si kaburi la takataka.

Tunachopendekeza ni hatua ambazo hazihitaji fedha nyingi. Wakuu wa shule wasikubali vifaa vya zamani vya sauti viondolewe ghalani kabla ya walimu wa fizikia na muziki kuvikagua. Sheria ya ununuzi na uuzaji wa mali ya umma ya mwaka 2015 tayari inataka uuzaji wa mali hiyo upitie kamati. Kamati hizo ziulize pia thamani ya kifaa darasani, si bei yake kwa kilo peke yake.

Vyama vya sayansi shuleni viwaalike mafundi wa redio wa mitaani, ambao wengi wao wana ujuzi usioandikwa katika kitabu chochote, na ambao wanazeeka bila warithi. Nao wanafunzi waende nyumbani likizo hii wawaulize babu na nyanya zao kuhusu santuri na kanda zilizomo masandukuni, waandike jina la mwimbaji, lugha na mahali, kisha wazihamishe sauti hizo kabla hazijaliwa na vumbi.

Nakuru ilipandishwa hadhi ikawa jiji mwaka 2021. Jiji hujulikana pia kwa kumbukumbu zake, wala si kwa majumba na barabara peke yake. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Gramafoni ya mmoja, amplifaya ya mwingine na spika za wa tatu, kila kimoja peke yake ni chuma tu. Vikiunganishwa na mikono inayojua, sauti ya waliotutangulia itasikika tena. Mkokoteni ujapo mlangoni wiki ijayo, tutazame kwanza tunachoupa.