Sheria ya Mita Mia Tatu

Basi lilikuwa limeshaiacha Segera, linaelekea Chalinze, na dereva alikuwa akifidia muda tulioupoteza Korogwe. Lori lililotoka mbele likatuwashia taa mara mbili. Dereva wetu hakuuliza kitu. Aliondoa mguu kwenye mafuta, basi likatulia kwenye hamsini, tukapita kijijini kwa adabu kama msafara wa harusi. Chini ya mwembe alisimama askari wa usalama barabarani na tochi yake ya kupimia mwendo mkononi. Tulipomwacha nyuma kama mita mia tatu hivi, mguu ukarudi kwenye mafuta, na dereva naye akamwashia taa mwenzake aliyekuwa anakuja.

Hapo mama mmoja wa makamo, viti vitatu nyuma ya dereva, akapaza sauti: "Baba, punguza mwendo. Hujabeba viazi." Dereva hakugeuka. Waliogeuka ni abiria. "Mama, kama unaogopa ungebaki nyumbani," alisema mmoja, watu wakacheka. Mwingine akadakia: "Twende bwana, wengine tunawahi msiba!" Mama akanyamaza, akaukumbatia mkoba wake mpaka tulipofika. Mimi nilikuwa nyuma yake. Sikusema neno.

Safari ile ndiyo iliyozaa toleo hili. Ndani ya basi lile mlikuwa na sheria mbili. Ya kwanza imeandikwa: mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa penye makazi, na anayekamatwa alipe faini ya shilingi 30,000. Ya pili haikuandikwa popote: ukiiona tochi, mwashie mwenzako taa. Hakuna chuo cha udereva kinachoifundisha wala askari anayeisimamia, lakini inatiiwa kuliko ile ya kwanza. Sheria ya serikali ilikuwa na urefu wa mita mia tatu. Ile ya madereva ilianzia stendi ya Moshi ikaishia Dar es Salaam.

Husemwa sheria ni msumeno. Sawa, ila msumeno haukati bila mkono, na askari hawezi kukaa chini ya kila mwembe. Anayekuwemo ndani ya basi safari nzima ni abiria. Hoja ya toleo hili ni kwamba sheria hushika pale inapofika mdomoni mwa abiria huyo. Isipofika, hubaki kuwa mchezo wa paka na panya.

Majirani zetu wa Kenya walianza kwa mkono mzito. Tarehe 1 Februari 2004 zilianza kutumika kanuni za waziri wa uchukuzi, John Michuki: vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mkanda kwa kila abiria, mstari wa njano ubavuni mwa gari, sare kwa dereva na makanga. Matatu nyingi zilikuwa hazijatimiza masharti, watu wakatembea kwa miguu kwenda kazini, na serikali haikulegeza. Kwa muda mambo yakanyooka kiasi kwamba kanuni zile zinaitwa kwa jina la Michuki hadi leo. Kisha waziri akahamishiwa wizara nyingine, mkono ukalegea, na mkanda ukawa kitu cha kufungwa makanga anapotangaza kuna karao, yaani polisi, mbele. Wakenya walikuwa wamemtii Michuki. Mkanda wenyewe hawakuwa wameukubali.

Miaka michache baadaye watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, James Habyarimana na William Jack, walijaribu kitu cha bei ya chini mno. Walibandika stika ndani ya matatu za safari ndefu, zikimhimiza abiria amkemee dereva anayeendesha ovyo. Hawakuongeza askari wala faini. Madai ya bima ya magari yale yalipungua kwa kati ya nusu na theluthi mbili yakilinganishwa na yasiyo na stika. Jaribio kubwa zaidi lililofuata, kwa jina la Zusha!, lilihusisha magari yapatayo 12,000. Safari hii madai yalipungua kwa kati ya robo na theluthi, na bado hiyo si haba kwa karatasi yenye gundi.

Stika ile haikumfundisha abiria jambo jipya. Kila mtu anajua mwendo kasi unaua. Ilichompa ni kibali. Anayesimama kusema hajitwiki tena ukorofi wala woga, maana maneno yako pale ukutani na kila mtu ameyasoma. Yule mama wa Segera alikuwa na sheria nzima ya nchi upande wake, lakini hakuwa na hata stika moja ya kuinyooshea kidole.

Watunga sheria wetu hupenda zaidi faini, na faini ina mtego wake. Mwaka 1998, mjini Haifa nchini Israel, Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichunguza vituo 10 vya kulelea watoto ambako wazazi walichelewa kuwachukua wanao. Vituo 6 vikaanza kutoza shekeli 10 kwa kuchelewa zaidi ya dakika 10. Wachelewaji hawakupungua, bali waliongezeka takriban maradufu. Zamani mzazi aliyechelewa alimwonea haya mwalimu aliyebaki na mtoto. Sasa alikuwa amelipia, na aliyelipia haombi radhi. Faini ilipofutwa, haya haikurudi.

Anayepanda daladala hahitaji kwenda Haifa kulielewa hilo. Amemwona konda akikunja noti ndani ya leseni kabla gari halijasimama sawasawa. Ile "ya soda" imeshahesabiwa pamoja na mafuta na hela ya tajiri. Kosa likishakuwa na bei inayojulikana, linaingia kwenye gharama za safari, na haya inashuka kituo kinachofuata.

Lakini tusiisifu haya kupita kiasi. Macho ya jirani humzuia mwizi, na macho hayohayo humsukuma binti kwa ngariba akakeketwe. Kwa Wakurya, ambao mpaka wa Tanzania na Kenya umewapitia katikati, wasichana wamekuwa wakivushwa kwenda kukeketwa upande ambao macho ya dola yamelala. Kwingine nchini kwetu, sheria ilipobana, kisu kilihamia kwa watoto wachanga, ambao hawawezi kumsimulia mtu. Anayesema mwacha mila ni mtumwa hajaulizwa ni nani aliyeitunga mila hiyo na ni nani anayeilipia kwa damu.

Ndiyo maana kifungu kimoja cha sheria ya Kenya ya mwaka 2011 dhidi ya ukeketaji kimetuvutia kuliko vingine. Kifungu cha 25 kinamtia hatiani mtu anayemkejeli mwanamke kwa sababu hakukeketwa, au mwanamume kwa sababu amemwoa. Adhabu ni kifungo kisichopungua miezi sita, au faini isiyopungua shilingi 50,000 za Kenya, au vyote viwili. Waliokiandika walijua kwamba nyuma ya ngariba kuna kicheko cha kisimani. Kule Tharaka, Kenya, tangu mwaka 1996, familia zimeliendea jambo hilohilo kwa njia ya Ntanira na Mugambo, yaani tohara kwa maneno: binti anafundwa, anasherehekewa, anarudi kwa jamaa akiwa mtu mzima, na wembe haumgusi. Sheria inazuia matusi, sherehe inatoa heshima. Bila heshima hiyo, binti aliyeepuka kisu anabaki peke yake.

Na kuna wakati sheria yenyewe ndiyo iliyoifuata mila ikakwama nayo. Hapa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya wazazi, huku mvulana akisubiri hadi 18. Mwanaharakati Rebeca Gyumi aliipeleka mahakamani, Mahakama Kuu ikampa ushindi mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaukazia mwaka 2019. Hapo jirani hakutosha, alihitajika jaji. Mtu mmoja anapozungukwa na ukoo mzima uliokubaliana kumwoza, hana pa kukimbilia isipokuwa kwenye maandishi.

Kurasa zinazofuata zinalitazama suala hili kutoka barabarani, sokoni, jandoni na mahakamani. Waandishi wetu hawakubaliani: wapo wanaotaka adhabu kali zaidi, na wapo wanaoona adhabu zimeshatosha. Swali tulilowaomba wote walijibu ni moja: sheria hii inamfanya nani athubutu kusema, na inamnyamazisha nani?

Nami bado nina deni. Siku ile haikuhitajika stika wala askari. Yalitosha maneno matatu kutoka kiti cha nyuma: "Mama amesema kweli." Pengine wa pembeni yangu angeitikia, na wa mbele yake. Sikuyasema.