Paka Akiondoka

Iko methali isemwayo na wakubwa kila wasikiapo kelele katika darasa lisilo na mwalimu: paka akiondoka, panya hutawala. Methali hii hutumiwa kuwalaumu panya. Mimi katika insha hii nataka kumshitaki paka. Nadai kwamba kelele za darasa lisilo na mwalimu, uchafu wa bweni lisilo na kiranja, na uvivu wa wafanyakazi wasio na msimamizi, aghalabu ni ushahidi juu ya kiongozi aliyetoka kuliko juu ya watu waliobaki.

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana si haki kuwahukumu wengine kabla ya nafsi yangu. Nilipokuwa mwanafunzi katika shule ya bweni, walimu walinifanya kiranja. Nilikuwa mrefu, sauti yangu ilikuwa nzito, na sikuogopa mtu. Niliambiwa kwamba hizo ndizo sifa za kiongozi, nikaamini. Alfajiri niliwaamsha wenzangu kwa kupiga vyuma vya vitanda kwa rungu. Aliyechelewa nilimpa choo akisugue. Aliyeuliza sababu nilimwongezea siku ya pili. Bweni letu liling'aa, nami nikasifiwa mbele ya shule nzima. Kisha nikashikwa na homa, nikalazwa siku nne. Niliporudi nilikuta vitanda havikutandikwa, sakafu haikufagiliwa, na godoro langu limemwagiwa maji. Katika siku zile nne hakuna hata mmoja aliyekuja kunijulia hali. Bweni la jirani lilikuwa na kiranja mfupi, mpole wa maneno, aliyepanga zamu za kufagia kwa kushauriana na wenzake, na jina lake likawamo katika zamu. Juma lile lile yeye alikuwa safarini na timu ya mpira. Bweni lake halikupungukiwa na kitu.

Fedheha ile ilinifundisha. Baadaye, katika chuo cha ualimu, niliona kwamba jambo nililojifunza kwa aibu wataalamu walikwisha kulipima kwa utaratibu.

Wenye kumtetea paka wana madai mawili. Dai la kwanza ni kwamba kiongozi huzaliwa. Mtoto wa simba ni simba. Dai hili lina wakubwa wake. Mwaka 1840 Thomas Carlyle alihutubu mjini London akifundisha kwamba historia ya dunia ni kazi ya watu wachache walio mashujaa. Baada yake wachunguzi wengi walitafuta alama ya kiongozi katika kimo, uzito, sauti na akili. Mwaka 1948 Ralph Stogdill, wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, alikusanya uchunguzi wa namna hiyo 124, akaulinganisha. Aliona kwamba akili na moyo wa kutimiza wajibu huwafuata viongozi mara nyingi, lakini mtu hawi kiongozi kwa kuwa na fungu la sifa tu. Sifa zake hazina budi kulingana na kazi iliyopo na watu alio nao. Anayeongoza hapa aweza kuongozwa kule. Basi twawachagulia nini viranja kwa kimo na sauti? Kimo humfaa mwenye kuchuma maembe.

Dai la pili ni zito zaidi: kwamba watu hawafanyi kazi ila kwa kuogopa. Dai hili lilipimwa katika jimbo la Iowa na Kurt Lewin, mtaalamu aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler, pamoja na Ronald Lippitt na Ralph White, wakatangaza matokeo mwaka 1939. Waliunda vikundi vya wavulana watano watano, wenye umri wa miaka kumi hivi, wakawapa kazi za mikono. Kila kikundi kilipitia kwa viongozi wa tabia mbalimbali. Mkali aliamuru kila hatua bila kueleza iendako. Mshauri alishauriana na watoto, akawaonyesha njia, akawaachia wachague kazi na wenzi. Mwingine aliwaacha wafanye wapendavyo.

Nitakuwa mwongo nikisema kwamba mkali alishindwa kila jambo. Alipokuwapo, watoto walijishughulisha na kazi hata kuliko kwa mshauri. Lakini wachunguzi walimtoa kiongozi nje kwa makusudi. Hapo watoto wa mkali wakaiweka kazi chini, na watoto wa mshauri wakaendelea karibu kama kwamba hakutoka. Tena, chini ya mkali watoto waligeukiana: hasira waliyoogopa kumwonyesha mkubwa waliimwaga juu ya mmoja wao. Walipoulizwa, watoto 19 kati ya 20 walimpenda mshauri kuliko mkali. Je, msomaji, panya hawa waliharibiwa na nani?

Mpinzani atasema: kumbe mwataka kila mtu ajifanyie apendavyo! La, hasha. Yule kiongozi aliyewaacha watoto alipata kazi chache, tena duni. Upole si usingizi. Mwaka 1962 Edwin Fleishman na Edwin Harris walitangaza uchunguzi wa wasimamizi katika kiwanda cha malori huko Marekani. Wasimamizi wasiowajali watu wao walipata malalamiko mengi, na wafanyakazi wao waliacha kazi kwa wingi. Lakini wasimamizi waliowajali watu waliweza kukaza utaratibu wa kazi na malalamiko yasiongezeke sana. Maana yake ni wazi: mtu humvumilia anayemdai kazi ngumu, ikiwa ajua kwamba anamthamini. Kiranja yule wa jirani hakuacha vumbi chini ya kitanda; alilidai lifagiliwe, akalifagia pia.

Sasa nageukia walimu wenzangu, nami nimo. Mwaka 1953 Fleishman huyo huyo alionyesha kwamba wasimamizi waliofundishwa darasani kuwajali watu, waliporudi kiwandani walifuata mwenendo wa wakubwa wao kuliko mafunzo. Kiranja mkali basi ni kivuli. Tazameni mwili unaokitupa. Ukiranja wenyewe ulitujia kutoka shule za bweni za Uingereza, ukakutana huku na nyapara wa mashamba ya wakoloni. Mwaka 1963 tulipata uhuru, lakini nyapara hakufungasha mizigo yake yote. Serikali yetu ilipiga marufuku fimbo shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikakataza adhabu ya kumpiga mwanafunzi. Itafaa nini ikiwa fimbo imetoka mkononi mwa mwalimu, ikaingia mkononi mwa kiranja, na mwalimu akageuza uso kwa kuwa bweni lang'aa?

Ninyi vijana mnaosoma maneno haya, wengine kesho mtashika ofisi, hospitali, vyama vya ushirika na kata. Mtakayozoea bwenini mtayapeleka huko. Ndiyo maana ofisi nyingine huwa na koti juu ya kiti na mwenye koti hayupo: wafanyakazi wake walijifunza tangu utotoni kwamba kazi ni ya macho ya mkubwa. Ukipewa ukiranja, usihesabu wangapi wanyamazapo unapoingia. Waeleze wenzako sababu ya kazi, washauri katika kuigawa, tia jina lako katika zamu, na udai itimizwe. Kisha ondoka siku moja, urudi, utazame sakafu. Ukiikuta chafu, usiwaite panya kuwahukumu. Jihukumu wewe kwanza.