Kayaki ya Mtoto

Huko Greenland, kaskazini kabisa mwa dunia, hakuna mti mnene wa kuchonga mtumbwi. Wainuit wa kale walikusanya magogo yaliyochukuliwa na maji toka mito ya Siberia, wakayapasua, wakafanya mataruma ya chombo, wakayafunga kwa kamba za ngozi. Kisha wanawake wakakivika ngozi za sili, mnyama wa baharini, wakizishona kwa ustadi hata maji yasipenye. Ndiyo kayaki: imefunikwa hata juu, isipokuwa tundu moja la kukalia.

Fundi hakutumia mchoro wa karatasi. Alimpima yule atakayepanda. Urefu wa chombo ulikuwa pima tatu za mikono yake. Upana, nyonga zake pamoja na ngumi mbili. Na kafi, pima moja na dhiraa. (Wazee wetu nao walijua pima na shibiri.) Basi kijana alipotakiwa kujifunza kuwinda, kipimo kilitoka katika mwili wake mwenyewe, si katika mwili wa baba.

Siku hizi watu wa Ulaya na Marekani huunda kayaki kwa plaiwudi nyembamba. Anayetaka ya mtoto huenda akatwaa mchoro wa mtu mzima, akapunguza kila kipimo kwa nusu. Hapo ndipo penye hatari. Enyi wanafunzi, twaeni chaki! Chombo hubeba uzito sawa na ule wa maji kinayoyasukuma. Ukikata nusu urefu, upana na kina, nusu ya nusu ya nusu ni sehemu moja ya nane. Kayaki ya sentimeta 520, inayobeba vema mtu wa kilo 80, itakuwa ya sentimeta 260, nayo itabeba kama kilo 10 tu: uzito wa mtoto anayeanza kutembea! Afadhali kupunguza mpaka sehemu saba za kumi. Hapo urefu ni sentimeta 364, na mzigo kama kilo 27, wa mtoto wa miaka minane hivi.

Lakini mbao zikibaki na unene uleule wa milimita 4, uzito wake hupungua nusu tu, kumbe mzigo umebaki theluthi. Chombo kitazama mno; heri milimita 3. Upana nao usipunguzwe sana, kwa maana mtoto hatulii kitini. Sentimeta 55 zikiwa 38 atapinduka kwa kucheka tu. Mimi ningemwachia 50.

Tundu ndilo la kuangaliwa kuliko yote, maana kayaki ikipinduka mtoto huwa kichwa chini, naye miguu yake i ndani. Kwanza ajaribiwe penye maji ya kifuani, amevaa koti la kuelea, baba amesimama kando. Chombo kipinduliwe mara kadhaa, naye atoke mwenyewe. Asipotoka upesi, baba atwae msumeno akapanue tundu, hata kama rangi imekwisha kukauka.