Ajira za Kaisho Zinaondoka Ndani ya Gunia

Katika Kaisho na maeneo mengine ya Kyerwa husikika lawama isiyochuja: vibarua kutoka Rwanda, Burundi na Uganda wanakubali ujira mdogo, na kwa hiyo wanawanyima vijana wetu kazi. Lawama hiyo ina chembe ya ukweli, ila imeelekezwa kusiko.

Tuanze na chembe hiyo. Kibarua asiye na kibali hathubutu kwenda kwa ofisa kazi kudai haki yake, maana akidai ataondolewa nchini. Mwajiri analijua hilo, humlipa apendavyo, na mzawa anayeomba kazi katika kibanja hicho hicho hulazimika kupokea ujira ule ule. Kinachoshusha ujira, basi, si utaifa wa kibarua bali unyonge wake mbele ya sheria. Mwaka 2013, baada ya agizo la Rais Kikwete, Operesheni Kimbunga iliondoa maelfu ya wahamiaji katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Haikujenga kiwanda hata kimoja.

Ajira tunayoililia imo ndani ya gunia. Kahawa yetu huvunwa, hukaushwa na kukobolewa, kisha sehemu kubwa husafirishwa nje ikiwa ghafi. Kuikaanga, kuisaga na kuifungasha, hatua zinazozaa mshahara wa mwezi badala ya ujira wa siku, hufanyika kwingine. Ujerumani hailimi kahawa, lakini ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa kahawa iliyokaangwa duniani. Wala tusisingizie ushuru wa Ulaya: tangu 2001 Umoja wa Ulaya uliufuta kwa karibu bidhaa zote za nchi maskini zaidi, Tanzania ikiwemo. Kiwanda cha TANICA cha Bukoba, kilichoanzishwa miaka ya 1960, kinathibitisha kwamba mkoa huu unaweza kusindika. Kwa nini basi viwanda vya aina yake bado ni vya kuhesabika?

Jibu mojawapo ni butura na magendo. Mkulima anayeuza kahawa ingali mtini, au anayeivusha usiku kwenda Uganda, si msaliti; ada ya shule haisubiri malipo ya chama cha msingi. Lakini kiwanda kisicho na uhakika wa malighafi hakipati mkopo, na bila kiwanda kijana atabaki kugombania palizi na mgeni.

Kwa hiyo mambo matatu yafanyike. Vibarua wa msimu wasajiliwe kwa kibali cha gharama nafuu, ili ofisa kazi aweze kusimamia ujira wa wote, mzawa na mgeni. Vyama vya msingi viwezeshwe kumlipa mkulima malipo ya awali siku anayopeleka kahawa. Na mikopo ya maendeleo ielekezwe kwenye ukaangaji unaomilikiwa na ushirika, humu humu Karagwe na Kyerwa.

Kumfukuza jirani ni kazi ya wiki moja. Kujenga kiwanda ni kazi ya miaka, na ndiyo maana viongozi wetu huchagua ile ya kwanza.