Simu, Mtoto na Lugha Isiyosikika Nyumbani

Magharibi ikiingia mjini Eldoret, kuanzia Langas hadi Kapsoya, si ajabu kumpata mtoto wa miaka 3 ameinamia rununu ya mamake huku ugali ukisongwa. Vifungo vya shati hajui kuvifunga, lakini matangazo ya biashara anajua kuyaruka kwa kidole kimoja.

Inasemekana wazazi wamegawanyika pande mbili kuhusu suala hili. Wapo wanaoshikilia kwamba simu inawaharibia watoto macho, usingizi na adabu. Wapo wanaosema ulimwengu umebadilika na kwamba mtoto asiyeshika kishikwambi leo ataachwa nyuma kesho. Kwa maoni yangu, aghalabu huyo ni mzazi mmoja: mchana anailaani simu, jioni anaikabidhi. Nami simlaumu. Mama aliyeshinda sokoni, asiye na yaya, anayeishi katika chumba kimoja kinachopakana na barabara ya bodaboda, atamtuliza mtoto kwa nini kingine?

Isitoshe, mzazi huyu amepokea maagizo yanayokinzana. Mwaka 2016 serikali ilianza kupeleka vishikwambi kwa wanafunzi wa darasa la kwanza, na Chuo Kikuu cha Moi, hapa petu, kikawa miongoni mwa washirika wa mradi huo. Mtaala mpya nao ukauweka ujuzi wa kidijitali kati ya umilisi 7 wa kimsingi. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, masomo yakahamia redioni, runingani na mtandaoni. Kwa upande wa pili, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asipitishe saa 1 kwa siku.

Saa hiyo moja ndiyo inayotajwa wazazi wakutanapo. Kisichotajwa ni kwamba mwongozo uo huo unahimiza mtoto anapoketi asomewe na kusimuliwa hadithi na mlezi wake. Tumehesabu saa, tukasahau kuuliza ni nani anayezungumza na mtoto, na kwa lugha gani.

Nina jirani ambaye bintiye ana miaka 4. Rangi zote anazitaja kwa Kiingereza, tena kwa lafudhi ya Kimarekani, na mamake hujivuna, kama ambavyo wengi wetu tungejivuna. Desemba iliyopita nyanya yake alikuja kutoka Kapsabet. Alimsalimu kwa Kinandi. Mtoto akamkodolea macho. Akajaribu Kiswahili, mtoto akamgeukia mamake kana kwamba anaomba mkalimani. Nyanya alikaa siku 3, akawa anatazama katuni na mjukuu wake, kimya. Mama alinisimulia kisa hicho akicheka, kisha akaacha kucheka.

Na sisi wa Kiswahili? Tumebishana miaka na mikaka kama ni kompyuta au tarakilishi, rununu au simu ya mkononi. Mijadala hiyo ina faida yake (nami nimeshiriki), lakini mtoto wa jirani hajawahi kuyasikia hayo maneno. Mamake aliponiomba kipindi cha Kiswahili kinachomfaa, nilimtajia Akili and Me, cha shirika la Ubongo la Dar es Salaam. Alipoomba cha pili na cha tatu, nilikwama.

Tusingojee wafadhili. Wanafunzi wa fasihi simulizi hurudi kutoka nyanjani na ngano, vitendawili na bembezi walizorekodi, na mara baada ya mtihani rekodi hizo husahaulika. Chama chetu kinaweza, kwa idhini ya wasimulizi, kuchagua zinazowafaa watoto, kuzihariri ziwe za dakika 5, na kuwatumia wazazi katika simu zizo hizo, sauti pekee bila picha. Simu ikiwa mezani, mtoto atakuwa huru kumtazama anayesonga ugali na kumuuliza maana ya neno lililompita. Kwa kuanzia, watu 6 wanatosha. Mimi nimekwisha kujiandikisha.