Je, Chema Chajiuza?

Kila tunapokutana walimu wa Kiswahili hapa Bujumbura, hakosekani mmoja wetu wa kuwalaumu vijana waimbaji. Hudaiwa kwamba wanaiharibu lugha. Kwamba nyimbo wanazozitawanya wenyewe kwa intaneti hazina sarufi wala adabu. Na kwamba mwenye kipaji cha kweli hana haja ya kujinadi, maana chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Maneno hayo nimeyasikia kwa miaka mingi, na zamani niliyasema mimi mwenyewe. Leo nayapinga.

Tuanze na hiyo methali. Siti binti Saad alijaliwa sauti njema, lakini sauti hiyo haikujiuza. Mwaka 1928 ilimbidi yeye na wenzake wavuke bahari hadi Bombay kurekodi santuri kwa kampuni ya kigeni, ndipo Kiswahili chake kikaenea mbali na Unguja. Khadja Nin, mzaliwa wa Bujumbura, aliitoa "Sambolera" mwaka 1996 akiwa Ulaya. Kidum naye alijijengea jina Nairobi. Wote hao walilazimika kumfuata mwenye mitambo na soko.

Kijana wa Musaga hahitaji safari hiyo. Hurekodi katika chumba kidogo cha kupanga, akaupakia wimbo YouTube kwa simu, na jioni hiyo hiyo waweza kusikika Kigoma, Bukavu au Mombasa. Lakini kufunguliwa mlango si kulishwa. YouTube yadai wafuasi 1,000, pamoja na masharti mengine, kabla ya kumgawia mtu mapato ya matangazo. Tangu 2024, Spotify hailipi chochote kwa wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 katika miezi 12. Asiye na kampuni nyuma yake atazipata wapi hesabu hizo?

Hapo ndipo lugha inapogeuka kuwa riziki. Kirundi ndicho lugha ya mama, na hakuna amtakaye mtoto wetu akiache. Ila Kiswahili humfungulia Tanzania, Kenya na Kongo ya mashariki kwa mara moja. Vijana wameling'amua jambo hili mapema kuliko sisi tuliosomea ualimu.

Mwaka jana mwanafunzi wangu wa zamani, mkazi wa Musaga, alinionyesha wimbo wake. Alikusudia kuuita "Mahali Pako". Aliandika "Mahari Pako", kwa kuwa ulimi uliolelewa na Kirundi hautenganishi l na r. Mtu wa Dodoma aliyeambiwa autafute huenda asiuone, na atakayeuona atadhani ni wimbo wa posa! Nilicheka. Kisha nikaona haya, kwani nilimfundisha kijana huyo miaka mitatu, na herufi hizo mbili sikuzikazia hata siku moja. Kosa lililompunguzia wasikilizaji lilikuwa langu kabla ya kuwa lake.

Sikatai kwamba zipo nyimbo za ovyo. Zilikuwapo hata enzi za santuri. Lakini je, tumemsahihisha nani kwa kumcheka? Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu wa intaneti hautoi somo la ngeli.

Kwa hiyo napendekeza jambo dogo. Kila mmoja wetu, kwa kila muhula, amtafute mwimbaji mmoja wa mtaani kwake. Ausome wimbo kabla haujatolewa. Aitazame anwani yake, upatanisho wa maneno, na majina ya watunzi. Hilo la mwisho si dogo. Mabishano ya miaka mingi kuhusu nani aliyetunga "Malaika" yatufundisha hasara ya kutoandika jina mapema na mahali panapoonekana.

Wanafunzi wetu hufungua kitabu cha Kiswahili saa chache kwa juma, bali nyimbo huzisikiliza kila siku. Ukiupanda mlima wa Musaga jioni, utasikia Kiswahili kikitoka madirishani, na hakikuletwa huko na vitabu vyetu. Tukitaka kiwe Kiswahili kizuri, basi twende tukabishe hodi katika vyumba vile vya kurekodia, tukiwa na kalamu mkononi.